Maswali Yenu: Gladys Knight bila The Pips

Je, ni kweli kwamba Gladys Knight aliwakimbia ndugu zake ili atoe albamu ya Good Woman?

Kusema aliwakimbia ni kumwonea. Kundi lao, Gladys Knight & The Pips, yaani mwimbaji huyu wa soul wa Marekani na ndugu zake waliomwitikia, lilianza Atlanta mwaka 1952, katika sherehe ya kuzaliwa ya kaka yake Merald, aliyekuwa akitimiza miaka 10, naye Gladys akiwa na miaka 8. Walipoachana mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameimba pamoja kwa zaidi ya miaka 35, na bado walikuwa na nguvu, kwa kuwa wimbo wao Love Overboard uliwapatia tuzo ya Grammy mwaka 1989. Good Woman ilitoka mwaka 1991.

Hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa peke yake?

La. Mwaka 1978 alitoa Miss Gladys Knight, wakati migogoro ya mikataba na kesi ilipowazuia kurekodi pamoja. Akina Pips nao wakarekodi zao kivyao, kisha wote wakarudi studio mwaka 1980 na About Love. Mara ya kwanza, basi, walitenganishwa na mawakili; mara ya pili alichagua mwenyewe.

Nikiisikiliza Good Woman nahisi kuna kitu kimepungua. Ni masikio yangu?

Masikio yako ni mazima, ndugu msomaji. Kilichopungua ni waitikiaji. Katika Midnight Train to Georgia ya mwaka 1973, Merald na binamu zake, William Guest na Edward Patten, hawamjazii Gladys sauti nyuma tu, bali humdaka neno kabla halijatua, humrudishia kama watu wanaoshuhudia habari ya jirani, na panapotajwa treni huiga honi yake, jukwaani wakiinua mkono kana kwamba wanavuta kamba. Mpenzi yeyote wa taarabu anajua kiitikio cha aina hiyo hakipatikani kwa kukodi waimbaji wa studio, hata wawe hodari namna gani. Sauti ya Gladys katika Good Woman imekomaa, pengine kuliko zamani, ila anauliza na kujijibu.

Nianze na wimbo gani?

Superwoman, ulioimbwa kwanza na Karyn White. Humo Gladys yuko na Patti LaBelle na Dionne Warwick, na kwa dakika chache anapata tena watu wa kupokezana nao.