Kombe Kwanza, Samaki Baadaye: Kufuga Samaki Wadogo wa Tanganyika Nyumbani

Wageni wanaofika kwangu hapa Kigoma huniuliza kwa nini nimejaza tangi la kioo mchanga na makombe ya konokono, ilhali samaki hawaonekani. Huwaomba wakae kimya kwa dakika chache, na muda si mrefu macho makubwa huanza kuchungulia kwenye midomo ya makombe. Wapo wanaotamani samaki wa baharini wenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe waliowaona kwenye simu. Hao huwaeleza kwamba kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kwamba kuyatengeneza maji hayo huku bara ni gharama nisiyoiona sababu yake, wakati Ziwa Tanganyika lililo mlangoni petu lina samaki mdogo wa kupendeza anayezaa vizuri ndani ya nyumba.

Samaki huyo kitaalamu huitwa Lamprologus ocellatus. Dume hufikia sentimita sita hivi na jike huishia kwenye nne. Katika ziwa huishi kwenye sakafu ya mchanga, ndani ya makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Tanganyika. Kombe ndiyo nyumba yake, ngome yake na chumba chake cha uzazi, kwa hiyo anayenunua samaki kabla ya kutafuta makombe ameanza kazi mwishoni.

Mimi nilikosea hata zaidi ya hapo. Makombe nilikuwa nayo, lakini niliyapanga juu ya kokoto kwa sababu zilipendeza machoni, na samaki wangu wakakaa wiki nyingi wamejikunyata pembeni. Sikujua kwamba samaki huyu hulizika kombe lake: huchota mchanga kwa mdomo kutoka chini yake mpaka lizame, kisha huurushia juu hadi ukabaki mdomo wa kombe peke yake. Kokoto hawezi kuzichimba. Nilipoziondoa na kuweka mchanga laini wa ziwani, uliochekechwa na kuoshwa vizuri, kwa kina cha sentimita tano, walianza kuchimba siku ile ile. Weka makombe mawili au matatu kwa kila samaki ili wasigombanie, na usiyapange upya, kwani watayapanga wenyewe wanavyotaka.

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita zisizozidi 54, nalo linatosha dume mmoja na majike wawili. Usiweke madume wawili humo, kwa maana mnyonge hana pa kukimbilia. Fundi yeyote wa vioo anaweza kuliunganisha, ila hakikisha gundi yake ya silikoni haina dawa ya kuua kuvu na uiache ikauke kabisa kabla ya kutia maji. Kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa kinatosha, na ukipata pampu ya betri utalala usingizi umeme ukikatika. Kipasha joto sijawahi kukihitaji hapa kwetu.

Kwenye maji ndiko wengi wanakoharibikiwa. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu au ualkali wa maji, ambapo 7 ni katikati) ya kati ya 8.6 na 9.2, na katika hali hiyo amonia itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula huwa sumu kali kuliko ilivyo katika maji yenye pH ya 7. Inayookoa samaki ni bakteria wanaoigeuza amonia hiyo isiwe sumu kali, wanaoota taratibu kwenye sifongo na mchanga, ambao huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuwa wengi wa kutosha. Siku moja, kwa kupenda usafi, niliosha sifongo kwenye bomba. Klorini, dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, ikawaua bakteria wote, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nimepoteza samaki wanne. Tangu hapo huikamulia ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, na kila wiki hubadilisha robo tu ya maji. Maji ya bomba huyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Ndugu wa Tabora wanaotumia maji ya Ziwa Victoria wakumbuke kwamba yana madini machache sana kuliko ya kwetu, hivyo wachanganye mawe ya chokaa kwenye mchanga na wapime pH kabla ya kuleta samaki.

Chakula si tatizo: viluwiluwi vya mbu, na vijidudu vya ziwani vilivyochujwa kwa kitambaa chepesi. Dagaa wakavu waliosagwa huchafua maji upesi, nami nimeacha kuwatumia.

Jike akiwa tayari hutaga ndani ya kombe, na dume humwaga mbegu zake mlangoni. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu hivi, ila hutaona kitu mpaka yapite kama majuma mawili, watoto wadogo kama punje za mtama watakapotokeza mdomoni mwa kombe. Usiinue kombe kuchungulia! Mama huwalinda kwa ukali unaozidi umbo lake, hata vidole vyangu ameshavishambulia. Watoto hukua polepole, na anapokaribia kutaga tena huwafukuza. Hapo ndipo unapowahamishia kwenye tangi jingine.

Ukitaka kumgawia mwenzako, usimsafirishe samaki akiwa ndani ya kombe. Liinue taratibu, mdomo ukielekea chini juu kidogo ya maji, yaliyomo yachuruzike, naye atateleza atoke mwenyewe. Watoto wa ziada usiwamwage ziwani, kwani samaki wa ufukwe mmoja wanaweza kutofautiana rangi na wa ufukwe mwingine, na kuwachanganya ni kuharibu kisichoweza kurudishwa.