Zana Yako Isiposema Kitu, Ipelekee Mwizi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mbarara aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimeandika zana yangu ya kuzalisha vichanganuzi. Nimeilisha sarufi zangu zote, haijaonyesha mgongano hata mmoja. Naweza kusema nimemaliza?" Kichanganuzi ni programu inayosoma maandishi kwa kufuata sarufi, yaani kanuni za lugha; mgongano nitaueleza mbele.

Ujumbe ulinikuta Wandegeya, hapa Kampala, nikisubiri rolex, ile chapati ya mayai, na hamu ya kula ikaniisha. Maneno hayo hayo niliwahi kuyatamka mimi, tena kwa kujigamba, mbele ya timu nzima. Nilimjibu mistari miwili tu siku ile. Jibu lenyewe naliandika hapa kwa urefu kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: kuandika lugha yenu wenyewe ya kompyuta, na zana ya kuisoma, bila kungoja mtu wa ng'ambo awaletee.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022. Mwezi Julai baraza la mawaziri la Uganda lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, na mimi nilikuwa na moto. Nilizaliwa na kulelewa kambi ya polisi Nsambya, ambako Kiswahili ndicho kilituunganisha sisi watoto wa Arua, wa Soroti na wa Kabale. Ofisini kwetu Ntinda tulitunza mfumo wa ada za mawakala wa pesa za simu. Ada zilibadilika kila mara, na kila zikibadilika ilibidi mmoja wetu afungue msimbo aurekebishe. Nikatoa wazo la lugha ndogo ambayo hata mtu wa idara ya fedha angeiandika mwenyewe, kwa maneno ya *kama*, *basi*, *sivyo* na *toza*.

Wazo lilipendwa. Tatizo lilikuja niliposema kwamba zana ya kuzalisha kichanganuzi nitaiandika mwenyewe. Wenzangu walitaka Bison, zana ya mradi wa GNU inayofuata nyayo za Yacc, ile aliyoiandika Stephen Johnson kule Bell Labs miaka ya 1970. Nilikataa. Nilitaka kuijua kazi ile kutoka chini, jedwali kwa jedwali, na hadi leo sijutii kukataa kule. Miezi miwili iliyofuata nitairuka. Ilikuwa ni kuandika, kufuta na kuandika tena.

Kwa wageni wa mambo haya: kichanganuzi cha aina hii husoma neno moja moja na kuyapanga kwenye rundo. Kila hatua kina njia mbili. Ama kinalisukuma neno jipya juu ya rundo, ama kinayakunja yaliyo juu ya rundo kwa kufuata kanuni fulani, yawe kitu kimoja chenye jina. Jedwali ndilo linaloamua. Mgongano ni pale ambapo kichanganuzi kiko katika hali (yaani mahali kilipofikia katika usomaji) ile ile, neno linalofuata ni lile lile, na jedwali linaruhusu kusukuma na kukunja pia, au linaruhusu kukunja kwa kanuni mbili tofauti. Kazi ya zana ni kuuona mgongano huo mapema na kumwambia mwenye sarufi.

Yangu haikumwambia mtu kitu.

Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho niliongeza kanuni ya *sivyo*. Sarufi ikawa hivi (alama ya | maana yake "au"):

amri : KAMA sharti BASI amri
     | KAMA sharti BASI amri SIVYO amri
     | TOZA kiasi

Zana ikasema: migongano 0. Nikalala usingizi mzito. Asubuhi nikaunganisha laptopu kwenye projekta, nikatangaza kwamba sarufi yetu ni safi, na nikamwomba dada mmoja, mgeni kuliko wote kwenye timu, aandike sentensi yoyote anayotaka. Akaandika:

kama wakala basi toza 500 sivyo toza 1000

Skrini ikajibu: kosa la sarufi karibu na SIVYO.

"Umeandika vibaya, dada," nikasema.

Akafuta, akaandika upya, taratibu, herufi kwa herufi. Kosa lile lile. Nikamwambia asome kwa sauti alichoandika. Akasoma mbele ya watu wote, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa sahihi. Sijasahau sauti yake ilivyokuwa ikipungua alipokaribia mwisho wa sentensi. Mkuu wa timu akafunga daftari akasema, "Jumatatu tutumie Bison," akatoka. Ndivyo kazi yangu ya miezi miwili ilivyoisha. Kuna mambo aliyoyasema baadaye koridoni kuhusu watu wanaopenda kuvumbua gurudumu upya, na yananiuma hata ninapoandika sasa.

Hitilafu niliipata Jumapili. Ilikuwa kwenye vipaumbele. Katika zana hizi unaweza kutangaza kwamba kuzidisha kunashinda kujumlisha, na zana ikikutana na mgongano wa aina hiyo huutatua kimya kimya kwa kulinganisha kipaumbele cha kanuni na kipaumbele cha tokeni, yaani neno au alama, inayofuata. Vikilingana, huangalia upande: ukitangaza kushoto, maana yake kunja. Mimi kwenye msimbo wangu tokeni isiyotangazwa kipaumbele niliiwekea sifuri. Kanuni isiyo na kipaumbele nayo sifuri. Upande usiotajwa nikauchukulia kuwa kushoto. Kwa hiyo kila mgongano ambao hakuna mtu aliyeutolea uamuzi, zana yangu iliona sifuri ni sawa na sifuri, ikachagua kukunja, ikaufuta kwenye hesabu. Wa SIVYO ulikuwa mmoja wao: *kama* mbili zikiwa moja ndani ya nyingine, *sivyo* ni ya ipi? Yacc na Bison haziko hivyo. Upande mmoja ukikosa kipaumbele, huo ni mgongano, unaripotiwa, na kinachochaguliwa ni kusukuma.

Na kwa nini kila *sivyo* ilikataliwa, hata ile isiyo na utata wowote? Kwa sababu katika jedwali la LALR, aina ya jedwali iliyotumiwa na zana yangu, hali inayofuata baada ya KAMA sharti BASI amri ni moja tu, iwe amri iko ndani ya nyingine au iko peke yake. Uamuzi wa kukunja mbele ya SIVYO ukishaandikwa pale, SIVYO haisukumwi kamwe. Dada wa watu hakukosea hata nukta.

Lakini hitilafu ya sifuri siyo kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni kwamba nilikuwa na majaribio mengi, yote ya kijani, yaani yamefaulu, na yote yalikuwa ya sarufi nzima zenye afya. Sarufi za hesabu nilizijaribu kwa vipaumbele vyote vimetangazwa. Sikuwahi kuipa zana yangu sarufi ambayo najua kwa hakika ni mgonjwa.

Baba yangu alikuwa askari. Alikuwa akituhadithia kwamba afande wao wa zamu hakuwa akimwuliza mlinzi kama lindo lilikuwa shwari. Alimtuma mtu mwenye nguo za raia apite uzioni saa nane ya usiku, halafu akasubiri asikie kama mlinzi atapiga kelele. Mlinzi aliyesema "shwari, afande" usiku ule alikuwa matatani. Nilikua nikiisikia hadithi hiyo, na bado niliandika mlinzi nisimtumie mwizi hata mmoja. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na mimi mshindo huo niliusikia mbele ya projekta.

Basi ndugu yangu wa Mbarara, anza na wezi unaowajua kwa majina. Andika sarufi ya kujumlisha na kuzidisha bila kipaumbele chochote:

e : e '+' e | e '*' e | NAMBA

Zana yako lazima iseme migongano 4, yote ya sukuma na kunja. Ihesabu kwa mkono mara moja ili uamini: kuna hali mbili zenye kanuni iliyokamilika ya kujumlisha au kuzidisha, na katika kila moja tokeni mbili zinaleta mgongano. Sasa tangaza kipaumbele cha kujumlisha peke yake, kwa upande wa kushoto. Lazima ibaki 3. Tangaza na cha kuzidisha. Lazima ifike 0. Nne, tatu, sifuri. Ningekuwa na jaribio hilo moja tu, zana yangu ingesema sifuri, sifuri, sifuri, na ningejua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kisha mpe mlinzi wako, yaani zana, ile ya *sivyo*: 1 kamili. Mpe sarufi ambayo kanuni mbili zinakunja neno lile lile. Halafu mtafutie mwizi mwerevu zaidi, huyu:

s : 'a' x 'd' | 'b' y 'd' | 'a' y 'e' | 'b' x 'e'
x : 'c'
y : 'c'

Huyu hana utata wowote. Kwa mbinu kamili ya LR(1), inayotazama neno moja la mbele, ile iliyotokana na kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth ya 1965, mgongano haupo. Lakini LALR, aliyoileta Frank DeRemer mwaka 1969, huunganisha hali zinazofanana ili jedwali liwe dogo, na muungano huo huzaa mgongano wa kunja na kunja ambao haukuwepo. Ikiwa zana yako ni ya LALR na haiupigii kelele, ina ugonjwa. Ikiwa ni ya LR(1) kamili na inaupigia kelele, ina ugonjwa pia. Mwizi mmoja, majibu mawili, na ni lazima ujue lipi ni lako.

Sarufi safi ziwepo pia, za kutosha, kwa sababu mlinzi anayempigia kelele kila mpita njia naye hafai. Lakini wezi kwanza. Nasema tena: wezi kwanza.

Sasa ripoti. Hapa niliumia mara ya pili. Mwanzoni jaribio langu lilikuwa kulinganisha ripoti nzima na faili niliyoihifadhi, herufi kwa herufi. Siku nilipobadilisha mpangilio wa kuunda hali, namba zote za hali zikahama na majaribio yote yakaanguka, ilhali hakuna kilichoharibika. Mbaya zaidi, kwenye kompyuta ya ofisini ripoti ilitoka kwa mpangilio tofauti na kwenye laptopu yangu, kwa kuwa nilikuwa nazungukia seti isiyo na mpangilio maalumu. Pima kilicho cha kweli: aina ya mgongano, jina la tokeni, kanuni zinazohusika na mstari zilipoandikwa. Namba ya hali iache. Halafu changanya mpangilio wa kanuni kwenye faili, endesha tena, na hesabu ya migongano isibadilike.

Wala usitegemee idadi peke yake. Bison ina agizo la %expect, unaloandikia idadi ya migongano ya sukuma na kunja unayoikubali, na ikizidi au ikipungua inakataa. Ni kitu kizuri, nami nilikiiga. Lakini mgongano mmoja ukifa na mwingine ukazaliwa siku hiyo hiyo, idadi inabaki ile ile na agizo halisemi neno. Jaribio lako limtambue mwizi kwa sura.

Ripoti yangu ya kwanza iliyofanya kazi ilisema: hali 17, mgongano wa sukuma na kunja kwenye SIVYO. Nilimpelekea yule dada. Ndiyo, yule yule. Nilikuwa nimemwomba radhi, kwanza peke yetu, kisha mbele ya timu, kwa kuwa mbele ya timu ndiko nilikomkosea. Alisoma akaniuliza, "Kaka, hali 17 ndiyo nini?" Sikuwa na jibu ambalo mtu wa fedha angelielewa. Nikarudi mezani, nikafuata njia ambayo Bison ilianza kuitumia katika toleo la 3.7 la mwaka 2020, iliyotokana na kazi ya watafiti Isradisaikul na Myers ya 2015: badala ya namba, mwonyeshe mtu sentensi yenyewe inayoleta ugomvi. Ripoti ikawa hivi:

kama wakala basi kama kiasi > 50000 basi toza 500 sivyo toza 1000

Na chini yake usomaji wa aina mbili. Wa kwanza, anayetozwa 1000 ni wakala mwenye kiasi kidogo. Wa pili, ni mteja asiye wakala. Yule dada akasoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hata mimi sijui nilitaka ipi." Ripoti nzuri ya mgongano hufanya hivyo: humrudishia mwenye sarufi swali lake.

Sentensi hizo za ushahidi nazo zipimwe. Niliandika kichanganuzi kidogo kwa njia ya Earley ya mwaka 1970, ambacho hakijali migongano na kinaweza kuhesabu miti yote ya sentensi, mti mmoja kwa kila usomaji. Kila ripoti inayodai sentensi moja ina usomaji wa aina mbili, Earley lazima apate miti miwili au zaidi. Mara ya kwanza alipata mti mmoja kwenye ripoti mbili, nami nilikuwa tayari nimeshazisifia. Na zipo sarufi zenye mgongano ambazo hazina utata kabisa, kama ile ya maneno yanayosomeka sawa mbele na nyuma. Hapo zana isidai utata. Iseme tu kwamba imeshindwa kuamua kwa neno moja la mbele. Hakuna programu inayoweza kupewa sarufi yoyote isiyotegemea muktadha (aina tunayoizungumzia hapa) na kuamua kila mara kama ina utata. Hilo limethibitishwa tangu miaka ya 1960. Zana inayojifanya inajua inadanganya watu wanaoiamini, na watu hao ndio watakaosimama mbele ya projekta.

Zana yangu leo inatumika katika kazi mbili ninazolipwa, na faili ya kwanza kwenye folda ya majaribio ina sentensi ya yule dada, vile vile alivyoiandika.

Kijana wa Mbarara alinijibu jana jioni. Katika ile mistari miwili nilikuwa nimemwambia aweke sarufi ya kujumlisha na kuzidisha, bila vipaumbele. Zana yake imesema 2. Anasema halali leo mpaka ajue mbili nyingine zimekwenda wapi.