Maswali na majibu: Bima ya afya ukistaafu serikali kuu ya Marekani

Wasomaji wetu kadhaa wanaokaribia kustaafu serikali kuu ya Marekani wameuliza kuhusu FEHB, bima ya afya ya watumishi wa serikali hiyo, na jinsi inavyokaa na Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo wengi huipata wakifikisha miaka 65. Nimeanza na swali lililonipa wasiwasi zaidi.

Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Miaka yote nimetumia bima ya mume wangu, anayefanya kazi kampuni binafsi. Nikijiunga na FEHB mwaka wa mwisho, nitaendelea nayo?

Hapana, dada yangu. Ili uende nayo kwenye pensheni, lazima uwe ndani ya FEHB miaka mitano mfululizo ya utumishi kabla ya siku ya kustaafu. Anayesamehewa ni yule ambaye hajamaliza miaka mitano tangu apate nafasi ya kwanza ya kujiunga, na akajiunga papo hapo. Bima ya mumeo ingehesabika kama naye angekuwa kwenye FEHB, lakini ya kampuni haihesabiki.

Jiunge msimu ujao wa kubadilisha bima, unaoangukia Novemba na Desemba kila mwaka, kisha fikiria kusogeza mbele tarehe ya kustaafu. Najua umechoka. Lakini serikali inaendelea kumlipia mstaafu sehemu yake ya mchango kama ilivyomlipia mfanyakazi, na hiyo ni takriban asilimia 70 ya gharama. Kwa bima ya kudumu hadi uzeeni, miaka mitatu ya kuongeza si mingi.

Nimestaafu na nakaribia miaka 65. FEHB inanitosha. Kwa nini nilipie tena Sehemu B ya Medicare?

Sehemu A, ya kulazwa, ichukue. Aliyekatwa kodi ya Medicare kwa miaka 10 ya kazi hatozwi mchango wa kila mwezi. Sehemu B, ya madaktari na matibabu ya kwenda na kurudi, inalipiwa kila mwezi, na hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani FEHB inawapa ruhusa ya kusubiri. Ruhusa hiyo ni ya aliye kazini bado, yeye au mwenza wake, na kazi ikiisha ana miezi minane ya kujiandikisha. FEHB ya mstaafu haihesabiki hata kidogo.

Ukichelewa, mchango unaongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliopita, na nyongeza hiyo haiondoki. Aliyechelewa miaka minne analipa asilimia 40 zaidi muda wote atakaokuwa na Sehemu B. Dirisha lako ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye.

Ushauri wangu: kama utabaki Marekani, ichukue. Medicare italipa kwanza, FEHB itafuata, na mipango mingi ya FEHB hukuondolea malipo ya mfukoni ukiwa na A na B zote. Wenye kipato kikubwa hutozwa zaidi kwa Sehemu B, kwa hiyo wao wapige hesabu kwanza. Waliostaafu posta wana mpango wao tangu Januari 2025, wenye masharti makali zaidi kuhusu Sehemu B.

Wakala ananishawishi nifute FEHB nihamie Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi.

Usifute! Mstaafu akifuta, kwa kawaida harudi tena. Omba *kusitisha*. Aliyesitisha ili atumie Medicare Advantage anaweza kurejea msimu wa Novemba.

Nikifariki, mke wangu atabaki na bima?

Atabaki ikiwa mambo mawili yametimia: siku hiyo awe ndani ya bima yako, ya watu wawili au ya familia, na uwe umemwachia pensheni ya mjane. Kwenye FERS, mfumo wa pensheni wa watumishi wengi wa serikali kuu, kumwachia nusu ya pensheni yako kunakata asilimia 10 ya unayopokea. Kumwachia robo kunakata asilimia 5, na robo inatosha kulinda bima. Nawasihi wanaume wenzangu msiombe saini ya mke ya kuikataa pensheni hiyo kwa ajili ya hela kidogo za kila mwezi. Mtamwacha bila mume na bila daktari.

Nataka kurudi Tanga moja kwa moja. Je, matibabu?

Medicare hailipi nje ya Marekani, isipokuwa hali chache sana. FEHB ndiyo itakayokubeba, lakini si kila mpango. Ile inayokufunga kwa madaktari wa eneo moja kwa kawaida hulipia dharura tu ukiwa mbali. Tafuta mpango wa nchi nzima wenye huduma ya ng'ambo. Mara nyingi utalipa hospitali mwenyewe kisha udai, hivyo tunza kila risiti na barua ya daktari.

Sehemu B ukiiacha, miaka ya Tanga nayo itahesabiwa kwenye adhabu siku utakapoitaka tena. Kama unajua utakuwa ukirudi kwa wajukuu na kutibiwa huko, endelea kuilipia. Mpango wa FEHB ubadilishe Novemba, kabla hujakata tiketi.