Pima nguo kabla ya kupima kabati

Shikamoo Bi Fundi. Chumba chetu cha kulala kina kabati moja lililojengwa ndani ya ukuta: upana sentimita 120, kina 58, urefu 240, na milango miwili ya bawaba. Ndani mna bomba moja la kutundikia nguo, kimo cha 170, na shelfu moja juu yake, basi. Tunalitumia wawili, mimi na mume wangu. Nguo zimebanana hata kuchomoa shati ni kazi, viatu vinalala sakafuni, na kila wiki kuna rundo juu ya kiti. Chumba hakina nafasi ya kabati la pili. Tumepata fundi wa kututengenezea ndani upya kwa vipimo vyetu. Tumwambie nini?

Marahaba, mwanangu. Kabla hamjamwambia lolote, toeni kila kitu humo mkiweke kitandani. Halafu chukueni tepu mpime nguo. Kabati litapimwa baadaye, hilo halikimbii.

Nasema hivi kwa uchungu, maana nimeitwa mara nyingi kurekebisha makabati mapya kabisa. Fundi alipima ukuta, akagawa kwa tatu, akapachika mbao, akaondoka. Hakuna aliyeuliza shati la mwenye chumba lina urefu gani.

Tundika shati refu kuliko yote kwenye hanga, upime kutoka kwenye ndoano hadi pindo. Mashati mengi ya wanaume huishia kati ya sentimita 90 na 100. Suruali iliyokunjwa mara mbili juu ya hanga huwa kama 70 hadi 75. Gauni refu hufika 140, pengine 150. Kisha hesabu: vifupi vingapi, virefu vingapi. Shati hula sentimita 2.5 hadi 3 za bomba, koti zito hula 6 hadi 8. Karatasi yenye hesabu hizo ndiyo mtakayompa fundi mkononi.

Sasa litazameni bomba lenu. Likiwa kimo cha 170, shati la sentimita 95 linaishia 75 juu ya sakafu. Chini ya kila shati na kila suruali, kuanzia usawa wa mapaja hadi chini, hamna kitu. Nafasi ya kabati la pili mnayoitafuta imo humo humo.

Ningekuwa mimi, ningesimamisha ubao wa milimita 18 unaogawa kabati pande mbili: kushoto sentimita 70, kulia 48 na kidogo. Kushoto ningeweka mabomba mawili, la juu kimo cha 195 na la chini 95. Juu yatundikwe mashati, chini suruali na blauzi. Suruali zitaishia 20 na ushee juu ya sakafu, na hapo safu moja ya viatu inakaa vizuri. Kulia, bomba moja kimo cha 195 kwa magauni na makoti marefu, na chini yake droo mbili. Shelfu ya juu ipite upana wote, sentimita 5 juu ya mabomba ili ndoano za hanga ziingie na kutoka bila kugonga. Juu yake zitabaki kama 38 za mashuka, mablanketi na mabegi. Mlikuwa na sentimita 120 za kutundikia. Kwa mpango huu mtakuwa na 188, na droo juu yake.

Bomba la juu lijaribiwe na mfupi wenu. Simama mbele ya ukuta, inua mkono na hanga yenye shati, uone unafika wapi bila kusimama kwa vidole. Kama 195 haifikiki, lishuke, na vipimo vya chini vifuate. Au nguo za mrefu zikae juu na za mfupi chini. Hilo mtaamua wenyewe.

Kutoka ukuta wa nyuma hadi katikati ya bomba ziwe sentimita 29. Hanga ya kawaida ina upana wa 42 hadi 45, kwa hiyo kwenye kina chenu cha 58 itapita bila mikono ya nguo kubanwa na mlango. Bomba likisogezwa mbele hata kwa sentimita 5, milango itaanza kukataa kufunga na mtadhani ni bawaba.

Kuhusu droo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa niliwahi kumuumiza mteja wangu. Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Nilimtengenezea mama mmoja kabati lenye droo tatu nyuma ya milango ya bawaba, mbao safi, kona zimekaa sawa. Nilizijaribu droo kabla ya kufunga milango, zikateleza vizuri, nikafurahi. Baada ya miezi miwili nilipita kwake. Nikamwona akifungua: mkono wa kushoto unausukuma mlango hadi bawaba zilie, mkono wa kulia unavuta droo kwa kuipinda kidogo. Kwenye ubavu wa droo palikuwa na mchubuko mweupe mrefu. Mlango ukishafunguka, unene wake na bawaba zake vilikuwa vikiingia mbele ya droo kwa milimita chache tu. Hakuwa amelalamika, alidhani ndivyo inavyotakiwa. Nilizing'oa zote siku ile nikazitengeneza upya bila malipo, na hadi leo ndicho kitu cha kwanza ninachokikagua kwenye kabati lolote.

Basi, kwenu: droo zisigusane na ukuta ulio upande wa bawaba. Pigeni kwanza ubao wa unene wa sentimita 4 ukutani, reli ya kutelezea droo ifungwe juu ya ubao huo. Kwenye 48.2 zitabaki 44.2. Reli za kawaida za gololi zinahitaji milimita 13 kila upande, kwa hiyo sanduku la droo liwe na upana wa 41.6 kwa nje, si zaidi. Fundi akisema ataacha nafasi kwa kukisia, mwambieni apime. Droo ikizidi upana huo kwa milimita 3 haitaingia, na ikipungua hivyo hivyo reli itachomoka.

Reli ziwe za kutoka nje kabisa, zile za vipande vitatu, za urefu wa sentimita 50. Za bei nafuu hutoa robo tatu tu ya droo, na robo ya nyuma hugeuka kaburi la soksi. Fulana ndani ya droo zisimamishwe kama vitabu, msizirundike. Ukivuta droo unaziona zote kwa mpigo.

Kwa sababu hiyo hiyo, msikubali shelfu za nguo za kukunja zenye kina cha 58. Nguo iliyokunjwa vizuri inahitaji 30 hadi 35, na kila kilicho nyuma yake husahaulika. Shelfu ya juu ni tofauti, maana mashuka na mabegi hayashikwi kila asubuhi.

Fundi apime upana wa kabati mara tatu: juu, katikati, chini. Kuta hazinyooki. Akate kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Mabomba ya 70 na 48 hayahitaji nguzo ya katikati. Bomba likizidi kama sentimita 90 ndipo ningeliwekea kishikio katikati, maana nguo ni nzito kuliko tunavyofikiri. Na kama kabati halina mwanga, taa ndogo ya LED ya betri inayowaka mlango ukifunguka inatosha. Balbu ya zamani ya kupata moto isikaribie nguo kabisa.

Bi Fundi, shelfu ya kabati langu imepinda katikati kama machela. Ni chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 16, urefu sentimita 95. Nibadilishe mbao au niigeuze tu?

Kuigeuza kutakusaidia miezi michache, kisha itapinda upande wa pili. Chipubodi ikibebeshwa mzigo mfululizo hulegea polepole na hairudi. Ya milimita 16 mimi siipitishi sentimita 60 bila nguzo. Ya 18 naiachia hadi 80.

Igeuze, halafu weka nguzo katikati. Urefu unaoning'inia ukiwa nusu, kwa mzigo ule ule uliotandazwa, kupinda kunapungua mara 16. Nguzo ikiwa inakukera, gundisha na ufunge kwa skrubu mti wa sentimita 4 ukingo wa mbele, usimame kwa upana wake, na mwingine nyuma. Ukinunua mbao mpya, unene ukiongezeka maradufu ugumu huongezeka mara 8, ila uzito nao utauongeza.

Shikamoo. Nguo zangu za kona ya ndani zinanuka ukungu, ingawa ninaweka naftalini kila mwezi. Kabati limegusa ukuta wa bafu.

Marahaba. Naftalini ni ya nondo, haikaushi unyevu, kwa hiyo usiiongeze. Kwanza hakikisha hakuna bomba la maji linalovuja ndani ya ukuta huo: toa nguo zote, ukaushe ukuta, gundisha kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Nailoni ikilowa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Muite fundi bomba kabla ya seremala. Ikilowa upande wa chumba tu, ni mvuke wa hewani unaogeuka maji kwenye ukuta baridi. Hapo ubao wa nyuma usogezwe sentimita 2 hadi 3 kutoka ukutani, utobolewe matundu safu moja chini na safu moja juu ili hewa ipande. Nguo ulizopiga pasi zining'inie nje hadi zipoe kabisa ndipo ziingie.