Raba za mbio hazichezi tenisi

SWALI: Kocha, salamu. Binti yangu wa miaka 13 alianza tenisi mwezi wa pili, kwenye uwanja wa saruji. Huvaa raba za mbio nilizomnunulia kwa ajili ya riadha ya shule, na bado ni nzima kabisa. Lakini ameshateguka kifundo cha mguu mara mbili, mguu uleule wa kulia. Jumapili niliona viatu vya tenisi vya mtumba pale Kibuye, vimemzidi namba moja. Nichukue tu, akue navyo?
Mama wa Migosi, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama, na umpe binti pole zangu. Asirudi uwanjani mpaka kifundo kipone kabisa, na kama bado kimevimba mpeleke hospitali.

Raba hizo ndizo ninazozishuku. Sisi ni majirani wa Eldoret na Iten, raba za mbio zimejaa kila soko, na watoto wengi wanaokuja kwangu huja nazo. Ni viatu vizuri kwa kazi yake. Mkimbiaji huenda mbele tu, kwa hiyo kisigino huinuliwa kwa sponji nene na laini. Mcheza tenisi hukimbilia pembeni, husimama ghafla, hugeuka. Hapo sponji hubonyea upande mmoja na mguu hulalia nje. Mimi niliteguka hivyo nikiwa na miaka 19, Nakuru, nikifukuza mpira wa pembeni na raba za mbio za kuazima. Wiki sita sikushika raketi, na hadi leo asubuhi ya baridi kifundo hicho hunikumbusha.

Kiatu cha tenisi hukaa karibu na ardhi, soli yake ni pana na bapa, ubavu wa nje ni mgumu. Mbele soli hupanda juu ya vidole, maana mchezaji huburuta ncha ya mguu anapoanzisha mpira. Kigeuze utazame soli. Mistari ya zigizaga iliyojaa soli nzima ni ya uwanja wa udongo, na kwenye saruji huisha haraka. Yenye vipele vidogo vidogo ni ya nyasi. Ninyi mnataka soli nene, ngumu.

Mtumba siukatai, ila ukague. Kikunje: kinapaswa kujikunja penye vidole, si katikati. Kisokote kama unayekamua nguo. Kikijisokota kirahisi, kirudishe. Kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona unapukutika, usilipe hata kama kinang'aa. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huachia soli, na nimemwona mtoto soli ikimbandukia katikati ya mchezo.

Namba ya kuzidi, hapana, mama. Mguu utateleza ndani, kifundo kiteguke tena, na kidole gumba kigonge mbele mpaka ukucha uwe mweusi. Mbele ya kidole kirefu acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono wako. Hiyo inamtosha kukua kidogo. Nenda naye mwenyewe, jioni, na soksi zake za mchezo, maana mguu huvimba kidogo kwa kutembea kutwa. Avae vyote viwili, afunge kamba, arukeruke kushoto na kulia palepale kibandani. Mguu ukihama ndani ya kiatu, tafuteni jozi nyingine.

Zile raba za mbio usizitoe. Riadha ya shule bado inazihitaji.