Mgongo wa koti hauonyeshwi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, televisheni imewafundisha wanaume wetu kuvaa suti?" Nimefanya kazi ya mavazi kwenye kituo cha televisheni hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, nikiwavalisha wanaume wanaosoma habari ya saa mbili usiku, na swali hili limenigusa penyewe. Jibu langu ni hapana. Imewafundisha kuvaa upande wa mbele wa suti, basi.

Suti tulizijua zamani. Huku bara vituo vya televisheni vimeanza 1994, wakati Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Lakini baba zetu walikuwa na Kaunda suti, na nyingine za kola ya kusimama kama alizovaa Mwalimu kwenye picha zilizotundikwa maofisini. Fundi wa mtaani alizishona zikakaa sawa pande zote, kwa sababu alimpima mtu aliyesimama mbele yake.

Sasa tazameni inavyokuwa studio. Habari ikiisha na majina yakipita, mnasoma: mavazi kwa hisani ya duka fulani. Maana yake koti lile si la msomaji. Limeletwa mchana na kesho linarudi dukani likiwa na lebo yake, likauzwe. Duka linaleta saizi iliyopo, na msomaji ana mwili wake aliojaliwa na Mungu. Mkasi hauruhusiwi. Kwa hiyo tunabana. Unalikusanya koti nyuma, unabana kwa vile vibanio vyeusi vya karatasi vya ofisini, kimoja katikati ya mabega, viwili kiunoni. Mikono ikizidi unaikunja kwa ndani na kuipiga selotepu. Mbele panatulia tuli. Maiki inabanwa kwenye tai, waya unapita ndani ya koti, kisanduku chake kinakaa kwenye mkanda nyuma, halafu msomaji anakalia pindo la koti ili mabega yasipande. Huyo ndiye mnayemtamani kule nyumbani. Hawezi kuinama. Glasi ya maji ikiwekwa mbali kidogo, anasogezewa.

Rangi nazo tunachaguliwa na kamera. Shati la mistari myembamba linachezacheza kwenye kioo, jeupe pe linapiga mwanga usoni, kijani kinamezwa na pazia la kijani la nyuma. Marekani walilijua hilo tangu 26 Septemba 1960, Nixon alipoingia kwenye mdahalo wa wagombea urais kule Chicago na suti ya kijivu hafifu, picha zikiwa nyeusi na nyeupe, akapotelea kwenye ukuta wa nyuma yake huku Kennedy akionekana vizuri ndani ya suti ya rangi nzito. Na zile suti za kung'aa za maharusi, jamani, msitusingizie watu wa habari. Sisi tunazikataa kwa sababu zinarudisha mwanga wa taa. Hizo zimetoka kwenye video za muziki.

Nina kisa kimoja kinachonifanya niandike kwa uchungu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa. Akanijia na simu, amepiga picha kioo cha televisheni: "Shangazi, nataka ikae hivi hivi." Nikaitazama ile picha. Yule msomaji nilimvalisha kwa mikono yangu. Koti lile lilikuwa kubwa kwake kwa namba mbili nzima, na nyuma kulikuwa na vibanio. Nikamweleza. Hakuniamini, alidhani nakwepa kuchangia.

Nikampeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, mzee aliyekuwa akishona makoti tangu ujana wangu. Kijana akaamkia, akatoa simu. Mzee akashusha miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Huyu amekaa au amesimama?"

"Amekaa, mzee."

"Mgongo wake uko wapi?"

Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Akachukua koti la mteja lililokuwa limetundikwa, kubwa la mtu mnene, akamvisha, akaanza kulikusanya nyuma kwa pini, moja moja, kimya, zile nyingine amezibana midomoni. Alipomaliza akamgeuza kwenye kioo kilichoegemezwa ukutani. Ilikuwa kama uchawi. Kiuno kimeingia, kifua kimejaa, kola imelala shingoni bila nafasi hata ya karatasi. Kijana akajivuna: "Shangazi, ndiyo yenyewe!" Mzee akamwambia, "Haya, niteremshie lile jora la bluu pale juu." Akainua mkono. Koti zima likapanda naye mpaka tumboni, pini zikaanguka, moja ikamchoma ubavuni akaruka.

Mngedhani yaliishia hapo. Wapi! Akasema yeye anaoa mara moja tu, na mpiga picha atamchukua mbele. Nikamwambia wapiga video wa harusi wanazunguka. Akasema atamwambia asizunguke. Mzee alikuwa anaokota pini zake, hakuinua hata kichwa: "Kijana, kanisani utawageuzia watu nini misa nzima? Si mgongo?"

Hapo ndipo akanyamaza. Naikumbuka sura yake hadi leo, maana hilo halikuwahi kumpitia akilini: wageni wote, wakwe, kamati nzima, wangeketi wakitazama mahali ambapo kamera haijawahi kumwonyesha.

Wakakubaliana. Mzee alibana kiuno kama kijana alivyotaka, lakini mshono wa katikati ya mgongo na wa ubavuni akaviachia akiba ya vidole viwili kwa ndani, nyuma akaweka mipasuo miwili, na tundu la kwapa akalikata juu ili mkono ukiinuka koti libaki mahali pake. Bwana harusi alicheza mpaka kamati ikamwomba apumzike. Mwili ulipoongezeka, ile akiba ikafunguliwa, na koti analivalia ofisini hata sasa.

Nilipokuwa nalipa malipo ya awali, nikaanza kuilaani televisheni mbele ya mzee. Akanikatiza. "Mama, mimi siwalaumu. Zamani mtu akija na koti la mtumba aliuliza bei ya kufupisha mikono tu. Siku hizi anajua bega linatakiwa liishie wapi, na shati litokeze kiasi gani mkononi. Nani kamwambia? Si ninyi?"

Sikuwa na la kumjibu, na hata ninapoandika sasa silioni. Nilianza barua hii nikiwa na hapana kavu kabisa, lakini nikipita Mtaa wa Kongo naona vijana wanalipa kupunguziwa makoti ambayo miaka ya nyuma wangeyavaa yakiwapwaya kama magunia. Hilo limetoka kwenye kioo. Na nguvu ya kioo si ndogo. Jirani zetu Kenya walimwona Rais Ruto na Kaunda suti mwaka 2023, na vazi likashika kasi hadi Spika Wetang'ula akalipiga marufuku ukumbini mwezi Novemba. Zaire ya zamani, yaani Kongo ya leo, habari za jioni zilifunguliwa na picha ya Rais Mobutu akishuka kutoka mawinguni, na ndugu zetu wa Lubumbashi walivaa abacost, lile koti la kuvaliwa bila tai, kwa sababu ndiyo amri, mpaka Aprili 1990 alipowaruhusu tai tena. Hapo siwezi kusema ni televisheni peke yake; kulikuwa na serikali nyuma ya koti.

Basi mkinilazimisha niweke tiki, naweka ndiyo. Imewafundisha. Ila ndiyo yangu ina masharti. Inahusu bega, kola na mkono wa shati. Kiuno na mgongo bado mwulizeni fundi. Inahusu mijini zaidi. Na inahusu miaka hii, ambapo wasomaji wengine wanasimama na kutembea mbele ya skrini kubwa, na king'amuzi kimetuletea picha safi kuliko ile ya chengachenga kabla ya analojia kuzimwa hapa Dar mwisho wa Desemba 2012. Msomaji akigeuka kuonyesha ramani, kibanio kinaonekana. Imebidi makoti yaanze kushonwa kweli, angalau kwa wale wanaosimama. Wanaokaa tunawabana mpaka leo.

Wenye maduka mnaoandikwa "kwa hisani ya", mkileta koti mleteni na fundi wa kulipunguza, na likishapunguzwa mwachieni msomaji aende nalo nyumbani.