Re: Andyuleta inanipa mikromita 5, nakosea wapi?
Habari mkuu wa Arusha. Umeuliza urefu wa wimbi la mwanga wa andyuleta, ile safu ya sumaku zinazopishana inayotikisa elektroni hadi zitoe mwanga. Elektroni zako ni za GeV 1 (nishati yake), sumaku zinajirudia kila sentimita 2, ulitegemea nanomita. Angalia gama (γ) kwanza, yaani nishati ya elektroni ni mara ngapi ya ile ya kutulia. Ni kama 1957, na umeigawa mara moja tu. Inatakiwa kipeo cha pili: sentimita 2 gawanya kwa 2γ². Elektroni inaziona sumaku zimesongamana, halafu athari ya Dopla (chanzo kinachotujia hufupisha mawimbi) inaubana mwanga tena ukija kwetu. Zidisha na (1 + K²/2), K ni kipimo cha nguvu ya sumaku zako. K ikiwa 1 utapata kama nanomita 3.9. Mimi huku Moshi umeme ukikatika napiga kwa kalkuleta, inatosha kabisa.

Kuhusu mpigo mfupi wa mwanga unaoutaka, usihangaike kupunguza sumaku. Sumaku zikijirudia mara 100, mwanga una mizunguko 100, ambayo ni femtosekunde 1.3 tu kwa elektroni moja. Fungu lako la elektroni lenye urefu wa mikromita 3 ndilo linalorefusha mwanga hadi femtosekunde 10. Libane hilo kwanza.